Mlima Kenya, Bonde la Ufa ama Magharibi: ukiwa na wazee na bajeti ndogo uende wapi?

Kila mwaka ikikaribia Desemba simu yangu inaanza kulia, saa ingine ni mtoto wa mamangu mdogo, saa ingine ni jirani wetu wa zamani wa Buruburu, na swali ni lile lile: tunataka kutembeza wazee kidogo, pesa si nyingi, twende upande gani? Kwetu mimi ndio hupanga hizi safari. Mamangu ana miaka 72, mjomba ana 77 na magoti hayamsaidii, mamangu mdogo ana sukari, halafu kuna marafiki wawili wa mama wa kanisani ambao wamekua kama ndugu sasa, na sisi vijana watatu na dereva. Watu tisa kwa matatu ya kukodi, na hapo ndio nimejifunza mambo mengi ambayo hakuna mtu aliwahi kuniambia.

Mamangu bado anasema "provinsi". Zilikua nane, na tangu 2013 tuko na kaunti 47, lakini kwa kupanga safari namkubalia yeye, juu ukisema Provinsi ya Kati ama Bonde la Ufa ama Magharibi mtu anaona milima na mabonde kwa macho, ukisema kaunti anaona ofisi. Kwa hivyo hapa naweka njia tatu kutoka Nairobi: kuzunguka Mlima Kenya, kushuka Bonde la Ufa hadi Nakuru na maziwa ya Baringo, na kwenda Magharibi kupitia Kericho na Kisumu. Pwani sijaiweka. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 kwa barabara yenye malori mengi, na tangu 2017 kuna treni ya SGR yenye choo ndani na mzee anaweza kusimama kunyoosha miguu, so hiyo ni hesabu ya treni, ya gari siwezi kukushauri ukiwa na watu wa umri huo.

Nitapima na nini

Urembo siwezi kupimia, zote tatu ni nzuri. Napima na mwili wa yule mtu mzee kuliko wote kwa gari. Kama yeye atafika jioni akiwa na nguvu ya kupiga stori, wengine wote watakua wamefurahia, na kama yeye amechoka hakuna mtu atalala vizuri.

Cha kwanza ni masaa, achana na kilomita. Kilomita 80 za kunyooka na kilomita 80 za kona si kitu kimoja. Miguu ya wazee hufura wakikaa sana, kwa hivyo sisi tunasimama kila saa moja na nusu, watu wanashuka wanatembea kidogo, na siku moja hatupitishi masaa matano ya gari.

Cha pili ni choo, na naomba usiruke hapa. Watu hupanga hoteli, wanapanga nyama, wanapanga hadi nguo za picha, choo hakuna mtu anataja. Safari yetu ya kwanza mamangu alikataa maji kutoka asubuhi, kila tukimpatia anasema ameshiba, kumbe alikua anaogopa kutusumbua tusimame, na jioni akashikwa na kizunguzungu hadi tukaogopa. Mtu wa presha akikosa maji hivyo ni hatari. Halafu kuna dawa za presha zinazofanya mtu aende haja kila saa, na wengi hunywa asubuhi, yaani wakati ule ule gari inatoka. Usimwachishe dawa na usimbadilishie masaa mwenyewe, uliza kliniki yake wiki moja kabla kama inaweza kusongezwa. Na kuna choo cha kuchuchumaa, mjomba kwa hayo magoti hawezi kabisa, anahitaji cha kukaa. So kwa kila njia nachunga: kuna stesheni kubwa za petroli na hoteli safi za barabarani umbali gani kutoka moja hadi ingine. Beba tishu, sabuni, na sarafu za kumi na za ishirini.

Cha tatu ni hewa na afya, yaani baridi, joto, mbu, na hospitali iko wapi. Cha nne ni vitu ngapi mzee anaweza kuona akiwa amekaa, kwa dirisha ama kwa benchi, bila kushuka ngazi. Cha tano ni pesa, na hapo nitapiga hesabu moja kwa zote: gari inakula lita moja kwa kilomita 10, lita tuseme ni shilingi 180, na tunachanga watu wanane, dereva hachangi. Bei ya mafuta EPRA, wale wa serikali wanaosimamia mafuta, hutangaza tarehe 14 kila mwezi, kwa hivyo weka ile ya mwezi wako na upige tena. Kukodi gari sijaingiza, hiyo unalipa kwa siku na ni bei ya kuongea na mwenye gari.

Kuzunguka Mlima Kenya

Masaa na barabara. Unatoka Thika Road, Kenol, Sagana, Karatina, Naro Moru, Nanyuki, hiyo ni kama kilomita 200 na masaa matatu na nusu hadi manne. Unalala hapo. Kesho yake Timau na Meru, kilomita 80 hivi, unalala Meru, halafu unarudi kwa Chuka, Embu, Mwea, Makutano. Mzunguko mzima ni kama kilomita 550. Upande wa Nanyuki ni rahisi, barabara imepanuliwa sehemu kubwa. Upande wa Meru kurudi Embu ni kona na mabonde, unashuka mto unapanda, unashuka mwingine, na mtu mwenye kutapika kwa gari atateseka hapo, so mkalishe mbele. Na kuna daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilianguka pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Pita mchana, gia ndogo, na umwambie dereva mapema kabla hamjatoka Meru kwamba hakuna mtu ana haraka.

Choo. Hii njia ndio iko na afadhali kuliko zote. Thika unaweza simama Blue Post, mzee anaona maporomoko ya Chania akiwa kwa bustani na kikombe cha chai, halafu Kenol, Sagana, Karatina, kote kuna stesheni na hoteli. Pahali pamenyamaza ni kati ya Timau na Meru, na kati ya Chogoria na Embu. Nanyuki na Meru lazima kila mtu aende, hata kama anasema hasikii.

Hewa na afya. Ni baridi, tena baridi ya kweli. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya bahari na Timau inapanda zaidi. Mtu wa kifua ama wa mifupa atasikia usiku, so beba maleso ya ziada, soksi, na chupa ya maji ya moto ya kuweka kwa kitanda. Julai usiende, kumefunikwa na ukungu na mlima hauonekani siku nyingi. Januari na Februari ndio mlima unajitokeza, na hata hapo ni asubuhi mapema kabla ya saa tatu ama saa nne, baadaye mawingu yanaufunika. Hospitali ziko, Nanyuki, Meru, Chogoria, Embu, hukai mbali na daktari.

Kuona ukiwa umekaa. Hapa ndio huu mzunguko unanishika moyo. Mlima wenyewe ni mita 5,199 na mzee hahitaji kupanda hata hatua moja, unamwekea kiti nje ya gesti Naro Moru saa kumi na mbili na nusu asubuhi na blanketi, anauona wote. Ikweta iko kando ya barabara ukiingia Nanyuki, ni kushuka tu na kupiga picha. Timau unaona mashamba ya ngano upande mmoja na upande mwingine nchi inaanguka chini kabisa kuelekea Isiolo na Samburu, mama aliomba tusimame hapo mara mbili. Na kama mko na pesa kidogo ya ziada kuna Ol Pejeta, ambako wako Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, wote wa kike, na unawaona bila kutembea mbali.

Lakini chenye sitasahau si hivyo vyote. Tukipita Karatina mjomba alianza kuongea bila kuulizwa, juu ya vijiji vya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, alikua mtoto wa miaka sita hivi, venye walihamishwa na venye mtaro ulichimbwa kuzunguka kijiji. Mamangu, ambaye ni dada yake, hakua amewahi kusikia mengine ya hayo maneno. Tukarudi na njia ya Mwea, mpunga kila upande, na akatuambia hiyo mifereji ilianza kuchimbwa miaka ya hamsini na wafungwa wa wakati huo huo. Gari ilinyamaza hadi Makutano. Kama wazee wako ni wa Kati, weka simu irekodi, hutapata hiyo nafasi sebuleni.

Pesa. Mafuta kilomita 550 ni lita 55, shilingi 9,900, kila mtu kama 1,240. Kulala, tafuta gesti za makanisa, Nanyuki na Meru ziko, ni safi na kimya na chai ya asubuhi mara nyingi iko ndani. Uliza vyumba vya chini, usikubali ngazi. Kurudi unaweza nunua mchele wa pishori Mwea kando ya barabara na viazi Karatina, na hapo bajeti ya vijana huisha juu wazee watataka kubeba magunia, so acha nafasi nyuma ya gari.

Inafaa nani. Wazee wenye mapafu mazuri, wanaopenda kuamka mapema, na familia iko na siku tatu.

Bonde la Ufa: Naivasha, Nakuru, na Baringo kama mtaweza

Masaa na barabara. Naivasha ni kama kilomita 90, Nakuru 160, so siku ya kwanza mmefika kabla ya lanchi kama mmetoka mapema. Kuna njia ya juu ya Kinale na njia ya chini ya Mai Mahiu. Ya juu asubuhi mapema Kimende na Kinale kuna ukungu mzito, huoni gari iko mbele, mimi sitoki kabla ya saa mbili nikipita huko. Ya chini iko na malori mengi yanashuka polepole. Na kuna kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit iliyozinduliwa mwishoni mwa 2025, kwa hivyo ongeza saa moja kwa hesabu yako na ufurahie kama hukuihitaji. Jumapili jioni kurudi Nairobi usijaribu, foleni ya Naivasha itawaweka barabarani hadi usiku. Rudi Jumatatu, ama Jumapili utoke saa nne asubuhi.

Choo. Hadi Nakuru huna shida, kuna stesheni kubwa na sehemu za kula. Pale kwa vituo vya kutazama bonde vyoo viko lakini nyingi ni za kuchuchumaa. Kutoka Nakuru kwenda Marigat ni kama kilomita 100 na hapo vyoo vya kukaa vinakua adimu, Mogotio na Marigat ndio matumaini yako.

Hewa na afya. Naivasha na Nakuru ni hewa nzuri, baridi kidogo usiku, mzee wa presha hana taabu. Marigat na Baringo ni ulimwengu mwingine, joto, tena mbu wako. Mamangu mdogo anatumia insulini na kwa joto kama hilo haikai kwa mkoba hivi hivi, tulibeba chupa pana ya kuhifadhi baridi na barafu imefungwa kwa kitambaa isigusane na dawa. Nakuru ndio hospitali kubwa ya mwisho njia hiyo, baada ya hapo unategemea Marigat na Kabarnet. SHA, ile bima ya afya ya serikali, inatumia nambari ya kitambulisho, kwa hivyo kila mzee awe na chake mfukoni mwake, wasikiweke chote kwa mkoba wa mtu mmoja.

Kuona ukiwa umekaa. Nikiambiwa nichague njia moja ya mtu ambaye hawezi kutembea kabisa, nitasema hii. Ukishuka Mai Mahiu bonde lote linafunguka na Longonot imekaa katikati, na chini kando ya barabara kuna lile kanisa dogo lililojengwa 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano waliokua wanachimba hiyo barabara. Ni hatua chache tu. Wale marafiki wa mama walikaa humo ndani wakisali kama robo saa na hakuna mtu aliwaharakisha.

Halafu kuna Mbuga ya Ziwa Nakuru. Unaingia na gari, unazunguka na gari, unaona faru, twiga, nyati, pundamilia, na mjomba hakuhitaji kushuka hata mara moja isipokua pale juu kwenye jabali la kutazama ziwa. Mwambie mapema kwamba flamingo si kama wale wa kalenda za zamani, maji yalipanda sana miaka ya karibuni na ndege wengi wakahama, wengine utawapata Bogoria. Bogoria ndio kuna zile chemchemi za maji moto yanayoruka kutoka ardhini, watu huchemsha mayai hapo. Ziwa lilivyopanda lilimeza sehemu za barabara ya ndani, so uliza getini kabla hujalipa: gari yetu itafika wapi, na kutoka hapo ni kutembea umbali gani?

Boti ya Naivasha kuona viboko ni nzuri lakini mimi huangalia kitu kimoja tu, gati. Kama mzee anapaswa kuruka kutoka kwa mbao hadi kwa boti inayocheza, tunabaki nchi kavu tunakunywa chai. Na kila mtu avae jaketi la kuelea, hata yule anayesema alizaliwa kando ya mto.

Pesa. Ukifika Nakuru na kurudi na mizunguko yake ni kama kilomita 360, lita 36, shilingi 6,480, kila mtu 810. Ukiongeza Bogoria na Baringo inakua kama kilomita 580, shilingi 10,440, kila mtu 1,305. Lakini hapa pesa haiishi kwa mafuta, inaisha kwa mageti. Mbuga unalipia watu na gari pia. Zile za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, unalipa mtandaoni kwa eCitizen, Bogoria ni ya kaunti ya Baringo. Angalia bei ya raia ya siku hiyo na ubebe vitambulisho. Chagua geti moja, usijaze matatu kwa siku moja. Kula Kikopey, pale kwa nyama choma, ni bei ya kuelewana, na kama meno ya wazee si mazuri agiza ya kuchemsha na supu, nyama ya moto pale ni tamu lakini inahitaji meno.

Inafaa nani. Wenye siku mbili tu, wenye mzee wa kiti cha magurudumu ama mkongojo, na wale mnajaribu kwa mara ya kwanza.

Magharibi: Kericho, Kisumu, Kakamega, kurudi na Nandi

Masaa na barabara. Hii ni ndefu na sitaficha. Nairobi hadi Kericho ni kama kilomita 260, na mtapita ile ile kazi ya barabara ya Rironi, kwenda na kurudi. Kericho hadi Kisumu kama 80, Kisumu hadi Kakamega kama 50, halafu Kapsabet, Eldoret, na nyumbani. Mzunguko mzima unafika kilomita 900. Kwa ile sheria yetu ya masaa matano kwa siku, hii haifanyiki chini ya siku tano. Watu huenda Kisumu kwa siku moja na kurudi, najua, lakini hao hawana mtu wa miaka 77 kwa gari. Sisi tulilala Nakuru usiku wa kwanza, pesa ya chumba iliniuma, na ilikua uamuzi bora wa safari yote.

Choo. Hadi Nakuru iko sawa, baada ya hapo Mau Summit, Kericho, Ahero, Kisumu, unapata lakini panga. Kericho kuna gurdwara kubwa ya Masingasinga ambayo hupokea wageni wa kila dini na kuwapatia chakula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa kwa utulivu. Wazee wetu waliheshimu sana hiyo kitu na waliacha sadaka, na wewe pia uache.

Hewa na afya. Unapitia hali tatu kwa safari moja. Mau Summit baridi, Kericho mvua karibu kila alasiri, Kisumu joto la jasho. Sweta iwe juu ya mizigo, si chini. Kitu kikubwa ni malaria. Kisumu na Kakamega ni eneo la malaria mwaka mzima, na mzee ambaye ameishi Nairobi miaka arobaini hana ule ukakamavu wa mwili aliokua nao utotoni, hata kama alizaliwa huko na anakuambia mbu wa kwao wanamjua. Ongea na daktari kuhusu dawa ya kuzuia, lala kwa neti, na kama mtu anapata homa ndani ya wiki kadhaa mkirudi, mwambie daktari wazi kwamba mlikua Magharibi. Hospitali kubwa ziko, Kisumu, Kakamega, na Eldoret.

Kuona ukiwa umekaa. Chai ya Kericho huoni mwisho wake, ni kijani hadi macho yanapumzika. Kisumu tulikaa Dunga jioni, samaki wa ngege mzima kwa sahani na ziwa mbele yetu. Kit Mikayi iko njia ya Bondo, mawe makubwa yamepangana juu kwa juu, unaangalia kutoka chini, kupanda waachie vijana. Ukienda Kakamega kuna jiwe linalolia la Ilesi, unaliona kutoka barabarani. Msitu wa Kakamega, msitu wa mvua wa mwisho wa aina yake Kenya, unahitaji kutembea, lakini hata ukisimama mahali gari inaishia unasikia ndege na nyani, na mjomba alikaa kwa kigoda chetu hapo akatuambia tuende, atatungoja, na tuliporudi alikua ameona tumbiri wengi kutushinda. Kile kigoda hutembea nasi kila mahali, kwanza ni cha kumsaidia kupanda gari juu ngazi ya matatu iko juu sana.

Kurudi pitia Nandi Hills. Kuna makumbusho ya Koitalel arap Samoei, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipoitwa kwa mazungumzo ya amani. Ni mahali padogo, hupotezi muda, na wazee wanajua hiyo hadithi kwa uzito ambao sisi hatukufundishwa shuleni.

Pesa. Kilomita 900 ni lita 90, shilingi 16,200, kila mtu 2,025, na usiku nne za kulala. Mageti ni machache, ndio inapunguza. Watu wengi huniambia Magharibi ni rahisi juu unalala kwa ndugu. Rafiki mmoja wa mama alitupeleka kwao karibu na Kakamega na tulipokelewa kwa mapenzi hadi nikalia, kuku alichinjwa, vitanda vikaachwa na wenyewe. Lakini kulala kwa watu si bure na haifai kua bure. Tulibeba unga, sukari, mafuta ya kupika, mkate, na bahasha kwa mama wa nyumba, na hiyo weka kwa bajeti kama vile ungeweka gesti. Pia uliza kwa upole kabla kuhusu choo na kama kuna kitanda cha chini, usimpeleke mzee mwenye magoti mabaya mahali halafu aone aibu mbele ya wenyeji.

Inafaa nani. Wenye siku tano na zaidi, wenye mtu wa huko kwa kundi, na wazee ambao kukaa kwa gari hakuwasumbui sana.

Sasa kulingana na hali yako

Kama mko na wikendi moja tu, enda Naivasha na Nakuru na ulale usiku mmoja, usiguse Baringo. Mtaona mengi na mtarudi kabla ya watu kuchoka.

Kama kuna mtu kwa kundi ambaye hujawahi kusafiri naye tangu azeeke, anza na Naivasha ya siku moja. Angalia anakaa masaa mangapi kabla aanze kujipinda kwa kiti, anaenda choo mara ngapi, anakula nini. Hayo matatu yatakuambia kama Meru inawezekana.

Kama daktari amesema moyo ama mapafu ni dhaifu, muulize juu ya mwinuko kabla ya kulipia Nanyuki, na pia kabla ya Kericho, usifikirie ni mlima tu uko juu. Kama shida ni joto ama insulini, Baringo na Kisumu zinahitaji mpango wa barafu kila siku.

Kama lengo ni wazee waongee, wakumbuke, watoto wasikie, basi achana na ramani yangu na uende upande walikotoka. Wetu wa Kati walifunguka Karatina, yule wa Kakamega alifunguka tulipofika kwao, Nakuru wote walifurahia wanyama lakini stori zilikua za kawaida.

Kama pesa ndio kizuizi kikubwa, Mlima Kenya bila Ol Pejeta inaweza kua rahisi kuliko Nakuru na mageti mawili, hata kama mafuta yanazidi, so piga hesabu yote kabla ya kusema mahali pa karibu ndio pa bei rahisi. Anza kuchanga miezi mitatu mapema kwa M-Pesa, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na wazee wakitaka kuchanga pia waache wachange hata mia mbili, juu mamangu alikataa kukaa mbele hadi tulipopokea yake.

Na kama ni Desemba, kati ya tarehe 20 na mwaka mpya barabara ya Nakuru na Magharibi inajaa na nauli na vyumba vinapanda. Sisi mwaka huu tumesongeza hadi wiki ya mwisho ya Januari. Watoto wamerudi shule, gesti ya Naro Moru ina nafasi ya vyumba vitano vya chini, na mlima utakua wazi asubuhi.